Penye Miti na Penye Wajenzi: Mkongo wa Tunduru na Milango ya Unguja

Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu aliyejaaliwa neema akashindwa kuitumia. Katika historia ya mbao za Afrika Mashariki, hata hivyo, methali hiyo inasomeka pia kama ramani. Wilaya ya Tunduru, katika mkoa wa Ruvuma kusini ya Tanzania, ni penye miti. Mji Mkongwe wa Unguja ni penye wajenzi. Baina ya mahali hapo pawili pana kilomita zinazokaribia 600 kwa mstari ulionyooka, na ndani ya masafa hayo pana mapori ya kusini, mto Rufiji na bahari. Kwa muda mrefu vitu vingi vimepita njia hiyo: pembe za ndovu, nta, watu waliotiwa utumwani, na katika zama za karibuni mbao. Historia ya milango ya Unguja imekwisha kuandikwa mara nyingi kwa kutazama upande wa wajenzi. Upande wa penye miti haujasimuliwa kwa kiasi kinachostahiki. Njia iliyo rahisi ya kuusimulia ni kuufuata mti mmoja.

Mti huo una majina mawili ya Kiswahili. Tunduru na sehemu nyingi za kusini wanauita mkongo. Mwambao na visiwani, hasa kwa mafundi wa zamani na katika kamusi, jina lake ni mbambakofi. Ukivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, wafanyabiashara wa mbao wanaujua kwa jina la chanfuta. Wataalamu wa mimea nao wana jina lao, Afzelia quanzensis. Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu ya Adam Afzelius, mwanasayansi wa Uswidi aliyefanya kazi Sierra Leone mwishoni mwa karne ya 18. Sehemu ya pili, ambayo msomaji wa Kiswahili angeweza kuidhania ni neno lake mwenyewe, inatokana na mto Kwanza wa Angola, katika nchi ambako Friedrich Welwitsch wa Austria aliukusanya na kuueleza mti huu katika miaka ya 1850. Hivyo ndivyo mti wa miombo na wa mwambao ulivyoingia katika vitabu vya dunia kwa jina la Mswidi na la mto unaomwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki.

Wingi wa majina si kasoro. Kila jina ni ushahidi kwamba kuna watu walioujua mti huo na kuutumia. Lakini majina yakitengana, nayo maarifa hutengana. Mtu wa Unguja anayeusifu mlango wa mbambakofi na mpasua mbao wa Tunduru anayeupima mkongo kwa kamba wanazungumzia kitu kimoja bila ya kujuana. Mmoja anauona mwisho wa mti, mwengine anauona mwanzo wake, na baina yao hakuna neno la kuwakutanisha.

Tunduru iko mashariki ya Songea, katika nchi ya miombo inayoteremka taratibu hadi mto Ruvuma, ambao ndio mpaka na Msumbiji. Wakazi wake wengi ni Wayao, nao wameishi pamoja na Wandendeule, Wamakua na makabila mengine. Ni nchi ya korosho na, tangu miaka ya 1990, nchi ya wachimbaji wa vito. Eneo lake linapita kilomita za mraba 18,000, yaani yapata mara saba ya Unguja na Pemba zikiunganishwa, ilhali sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu wasiofika 300,000. Nchi pana yenye watu wachache ndiyo iliyobakisha misitu.

Katika misitu hiyo mkongo hauoti kwa makundi. Huonekana hapa mmoja, pale mmoja, na mtu huweza kutembea mwendo mrefu katika miombo kabla ya kuukuta ulio tayari kwa msumeno. Ukipata ardhi nzuri hupita mita 20 kwa urefu. Gome lake ni la kijivu, na hubanduka kwa magamba ya mviringo yanayoacha madoa shinani. Ua lake lina petali moja tu, nayo ni nyekundu. Ganda la mbegu ni nene na gumu kama ubao. Likikauka hupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa, zimelala katika nyama nyeupe, kila moja imevaa kikofia chekundu. Hondohondo na ndege wengine hukifuata kikofia hicho na kuziangusha mbegu mbali na mama yao. Watu nao huziokota na kuzitunga shanga.

Thamani ya mti huu kwa seremala imo katika kiini chake. Ukanda wa nje, ulio chini ya gome, ni wa rangi ya kupauka na huliwa na wadudu upesi, kwa hiyo fundi hodari huuondoa wote. Kiini ni cha rangi ya hudhurungi yenye wekundu, wakati mwengine chenye mng'ao wa dhahabu, na hukolea kwa kukaa. Ubao uliokauka una uzito wa kiasi cha kilo 800 kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa kulinganisha, mninga, ambao ndio ubao unaopendwa mno kwa samani Tanzania Bara, ni mwepesi zaidi, kwa kawaida kilo 600 na kitu. Na mpingo, unaochongwa zumari, hupita kilo 1,200 na huzama majini. Mkongo basi uko katikati: mzito wa kutosha kustahimili, lakini haujawa mzito wa kumshinda mchongaji.

Sifa iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kila ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, kisha huutoa ukasinyaa. Mlango unaovimba hukwama, na ukisinyaa huacha nyufa na kulegea. Mkongo ukishakauka sawasawa hufanya mambo hayo kwa kiasi kidogo sana. Kisiwani sifa hii ni ya lazima. Hewa ya masika haifanani na hewa ya kaskazi, na mlango wa mbele wa nyumba hupigwa na jua upande mmoja huku upande wa pili umo kivulini. Mti usiotulia hauwezi kukaa miaka mia katika hali hiyo. Zaidi ya hayo, kiini cha mkongo hakipendwi na mchwa wala bungua, na kuvu haukiozeshi kwa urahisi. Ndiyo maana mti huu ulitumiwa kwa mitumbwi, majahazi, madaraja na mataruma ya reli, yaani kila mahali ambapo ubao ungekutana na maji, udongo au uzito.

Mazuri hayo yana gharama yake. Mkongo hukauka polepole, na anayeuharakisha huuharibu. Ugumu wake huzifanya butu patasi na meno ya msumeno. Nyuzi zake hupishana, hata randa ikipitishwa kwa pupa hung'oa badala ya kulainisha. Msumari hauingii bila ya kutangulizwa keekee, la sivyo ubao hupasuka. Ndani ya vishimo vyake vidogo hukaa vumbi jeupe au la manjano, na ubao ukirowa huweza kuacha rangi ya manjano katika nguo. Fundi anayeujua hayastaajabii haya. Huyahesabu katika siku za kazi, na siku za kazi huhesabiwa katika bei.

Hapo ndipo mlango unapoingia. Mlango wa Unguja una mabawa mawili. Katikati pana mfaa, unaosimama kutoka juu hadi chini na kufunika pale mabawa yanapokutana. Kando pana miimo miwili, juu pana kizingiti, na katika kizingiti hicho huchongwa maneno, aghalabu aya, jina la mwenye nyumba au mwaka. Nakshi huchongwa kwa kina, maua juu ya maua, mpaka kivuli chenyewe huwa sehemu ya pambo. Kazi kama hiyo inahitaji ubao ambao ukingo wake mwembamba haubomoki chini ya patasi, na ambao baada ya miaka mingi ya chumvi na jua bado utaonyesha mahali patasi ilipopita. Mbambakofi hufanya hivyo. Jina lake lilikuwa ni sifa ya ubao kwa sababu wajenzi waliujaribu wakauona.

Milango ya kale haikuwa ya mbao za aina moja. Msaji uliletwa kutoka Bara Hindi kwa majahazi ya musimu. Mfenesi ulikuwapo mashambani. Mbambakofi, mvule na mninga ulitoka upande wa bara, kwa kawaida katika misitu iliyo karibu na pwani, ambako gogo lingeweza kufikishwa majini bila ya safari ndefu. Kwa hakika Mji Mkongwe mzima umesimama juu ya mkopo wa miti ya bara. Dari za nyumba zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo nyingi zilikatwa katika delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Anayelala katika chumba chembamba cha nyumba ya mawe amelala ndani ya kipimo cha mkoko.

Kwa nini basi mkongo wa Tunduru haukufika Unguja katika karne ya 19, wakati milango mikubwa ilipokuwa ikiagizwa kwa wingi? Jibu limo katika uzito wake. Mpagazi wa misafara alibeba yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Gogo moja la mkongo lenye mita moja na nusu ya ujazo, hata likishakauka, lina uzito wa kilo 1,200. Lingehitaji wapagazi wanaokaribia arobaini, na gogo haligawiki kama mzigo wa nta. Hapakuwa na reli, gari wala mto wa kulielea hadi pwani. Mti uliokuwa na thamani mbele ya kila fundi wa pwani ulibaki umesimama kwa sababu hapakuwa na bega la kuubeba. Pembe ya ndovu ilibebeka, nayo ikaenda.

Wayao walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo. Misafara yao, na ya wenzao wa pwani, iliziunganisha nchi za pande mbili za Ruvuma, mpaka ziwa Nyasa, na bandari ya Kilwa Kivinje. Ilipeleka pembe na nta, ikarudi na vitambaa, shanga, chumvi na bunduki. Ilipeleka pia watu. Hesabu za forodha ya Kilwa za miaka ya 1862 hadi 1867 zinaonyesha watu zaidi ya 97,000 waliosafirishwa kutoka bandari hiyo, na wengi wao walipelekwa Unguja. Mwaka 1866 David Livingstone alipita kando ya Ruvuma akitokea Mikindani, akakuta vijiji vilivyohamwa na maiti za watu walioshindwa kwenda na msafara. Mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la Unguja likafungwa.

Kwa hiyo Tunduru na nchi jirani zake ziliingia katika milango ya Unguja kabla ya mbao zake kuingia. Zilikuwamo katika bei. Tajiri aliyeagiza mlango wa fahari alilipa kwa faida ya pembe, ya karafuu na ya watu, na karafuu zenyewe zilichumwa kwa mikono ya wengi waliotoka kusini. Katika miimo ya milango mingi imechongwa nakshi ya mnyororo inayozunguka ubao wote. Watu wengi huifasiri kuwa ni alama ya ulinzi wa nyumba. Tafsiri hiyo humtosha aliyesimama ndani ya mlango. Aliyeletwa kutoka Ruvuma alikuwa na maana nyengine ya mnyororo, wala hakuhitaji kuisoma katika ubao. Kulikumbuka hilo hakuupunguzii mlango uzuri wake, wala hakumvunjii heshima mchongaji, bali ni kuihesabu kazi hiyo kwa ukamilifu, pamoja na wale walioilipia bila ya kuulizwa.

Karne ya 20 haikuuondoa upweke wa Tunduru kwa haraka. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliipukutisha nchi ya kusini, na katika sehemu nyingi mashamba yalirudi kuwa pori. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walianzisha mpango wa karanga. Katika upande wa kusini walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea na kung'oa miombo kwa matrekta. Mpango ulivunjika mwaka 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haikuwahi kufika Tunduru. Kwa miongo kadhaa gari lililotoka kusini kwenda Dar es Salaam kwa njia ya pwani lilingoja pantoni ya Ndundu kwenye Rufiji, na mvua kubwa zilipokuja njia ilikatika kwa wiki nyingi. Mkongo uliokatwa Tunduru katika miaka hiyo ulipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, na ulitosha kwa vitanda, milango na madawati ya karibu.

Mwezi Agosti 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, lenye urefu unaokaribia kilomita moja. Watu wa kusini walilisubiri kwa miaka mingi na walilifurahia kwa haki, kwani lilileta dawa, bidhaa na ndugu. Lilileta pia malori ya magogo. Wakati huohuo viwanda vya China vilikuwa vikitafuta mbao ngumu katika kila pembe ya dunia. Mambo hayo mawili yalipokutana, mapori ya kusini yaliingiliwa kwa kasi isiyowahi kuonekana, na mkongo ulikuwa miongoni mwa miti iliyotafutwa kwanza, pamoja na mninga, mpingo na mpangapanga.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya viumbe pori, lilitoa ripoti juu ya mkasa huo. Ilieleza kwamba mapato yaliyopotea, ambayo yangepaswa kuingia katika hazina ya Serikali kuu na halmashauri za wilaya, yalifikia dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka. Ilionyesha pia kwamba mbao za Tanzania zilizoandikwa kuingia China zilikuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa kutoka Tanzania. Na ilieleza kuwa wavunaji wa vijijini aghalabu walipata kiasi cha sehemu moja tu katika mia ya bei ya kuuzia nje. Tarakimu hii ya mwisho ndiyo inayouma. Mti uliokua miongo mingi, pengine karne nzima, ulimwachia jirani yake thamani ya siku chache za chakula.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kutungwa. Usafirishaji wa magogo nje ya nchi ulipigwa marufuku, na mwaka 2010 ukaundwa Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria hiyo ina mlango mmoja ambao haukutumiwa vya kutosha hapo mwanzo: inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuupima, kuupangia mavuno na kuuza miti kwa faida ya kijiji chenyewe. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, vikiwa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili ulio chini ya jamii. Katika muongo uliofuata utaratibu huo ulifika Tunduru. Pale kijiji kinapomiliki msitu, mkongo huhesabiwa kabla ya kukatwa, mnunuzi hujadiliana na kamati ya kijiji, na fedha huonekana katika darasa, kisima au zahanati. Si dawa ya kila ugonjwa, lakini imeigeuza nafasi ya mwanakijiji: kutoka mtazamaji wa malori hadi muuzaji.

Dunia nayo imeamka kwa kuchelewa. Mwezi Septemba 2015, mjini Durban, Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagascar zilitangaza azimio la kupambana na biashara haramu ya mbao. Azimio hilo linaitwa Azimio la Zanzibar, kwa kuwa lilianza kuandaliwa visiwani. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano wake wa Panama, mkataba wa CITES uliiingiza miti ya Afrika ya jamii ya mkongo, na ile ya jamii ya mninga, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Sharti hilo lilianza kutumika mwezi Februari 2023.

Mkataba huo, hata hivyo, husimamia biashara baina ya nchi na nchi. Ubao unaotoka Dar es Salaam kwenda bandari ya Malindi, Unguja, hauvuki mpaka wa nchi. Unavuka bahari, na unavuka kitu kingine pia. Misitu si miongoni mwa mambo ya Muungano: Bara ina sheria yake ya mwaka 2002, Zanzibar ina yake ya mwaka 1996. Hivyo ubao hutoka katika mikono ya sheria moja na kuingia katika mikono ya nyengine. Hapo katikati ndipo suala la asili yake huweza kusahauliwa, bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya. Seremala hununua mbao, hanunui historia yake.

Ni kweli kwamba Unguja si iliyomaliza mikongo ya kusini. Malango ya hoteli na nyumba za kisiwani hayakaribii hata kidogo shehena zilizokwenda Mashariki ya Mbali. Lakini visiwa vina deni la namna nyengine. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na milango yake ni sehemu ya sababu ya heshima hiyo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka, na kila mwenye macho alikumbushwa kwamba urithi hauhifadhiki kwa sifa peke yake. Unahitaji chokaa, boriti na mbao ngumu, mwaka hadi mwaka. Kuulinda mji bila ya kuulinda msitu ni kutunza kitabu huku ukiteketeza karatasi ambayo kurasa zake zilizochakaa zingebadilishiwa.

Mafundi wa kale waliacha mafunzo yanayofaa hata sasa. Walitumia mfenesi na msaji pale ulipotosha, na mbao iliyo bora wakaiweka mahali panapopigwa na jua na mvua. Mlango wa zamani ulioharibika mguu walitia kiraka, hawakuutupa. Miimo ya nyumba iliyobomoka ilihamishiwa nyumba mpya. Hawakuyafanya haya kwa sababu ya mkataba wowote. Waliyafanya kwa sababu walijua ubao ule ulivyopatikana kwa shida. Urahisi wa barabara, ambayo kufikia mwisho wa miaka ya 2010 ilikuwa imetiwa lami kutoka Mtwara kupitia Masasi na Tunduru hadi Songea, umeiondoa shida ile. Pamoja nayo umeondoka ule ubahili mwema uliotokana nayo.

Kila gogo linalovunwa kwa halali hugongwa nyundo ya misitu yenye alama. Alama moja hupigwa kwenye gogo, nyengine kwenye kisiki kilichobaki ardhini, ili zipate kulinganishwa. Gogo likifika penye msumeno, kichwa chake hukatwa kwa kuwa kimepasuka na hakifai, na alama huondoka nacho. Ubao unaomfikia mchongaji hauna tena maandishi yoyote. Yeye ndiye anayeanza kuuandika upya: aya juu ya kizingiti, jina la mwenye nyumba, mwaka kwa hesabu ya Hijria. Mpita njia husoma hayo na kuridhika. Alama ya pili imebaki Tunduru, kwenye kisiki, katika pori ambalo hondohondo bado huangusha mbegu nyeusi zenye vikofia vyekundu. Mvua kadhaa zikishapita haitasomeka, na penye miti patakuwa hapana kumbukumbu ya ule uliokwenda penye wajenzi, isipokuwa wajenzi wenyewe waitunze.